Stika ya Trafiki na Bima ya Kijana

Mazungumzo ya leo nayaelekeza kwako kijana wa Handeni na Korogwe uliyenunua gari la kwanza. Inawezekana ni IST uliyoipata mkononi kwa mtu wa Tanga mjini, inawezekana ni Probox, inawezekana ni kirikuu ulichokinunua kwa fedha za machungwa. Hongera sana. Gari limeoshwa, redio inaimba, mama amepanda mara ya kwanza akaliombea dua. Limebaki jambo moja ambalo kila mwenye gari hulifanya huku amenuna, nalo ni kulipa bima.

Ukisimama kwa wakala wa bima pale Manundu, Korogwe, au Chanika, Handeni, utasikia maombi yanayofanana. "Dada, nipatie stika ya bei ya chini, trafiki wasinisumbue." Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kampuni gani inalipa haraka, au nini kitatokea akimgonga mtoto wa mwenzake. Kijana anakwenda kwa wakala kutafuta ruhusa ya kupita kwenye kizuizi. Bima kwake ni shauri lililopo kati yake na askari wa kwenye kona. Kwa maoni yangu hesabu yote inaharibikia hapo, maana ukishaamini kwamba bima ni ya trafiki, basi bima nzuri kwako ni ile ya bei ndogo kuliko zote, hata kama siku ya ajali haitamlipa mtu hata senti.

Nieleze mapema msimamo wangu. Katika jambo hili kijana wa Kitanzania ana bahati kuliko anavyojua, na bahati hiyo anaipoteza kwa mkono wake mwenyewe, kwa uongo mdogo anaouandika kwenye fomu.

Kwa nini nasema ana bahati? Tazama wenzake wa Uingereza. Kule bima ya lazima ya gari ipo kisheria tangu 1930, na makampuni yana kawaida ya kumpangia dereva bei kwa kumtazama yeye mwenyewe: umri wake, mtaa anaoishi, miaka aliyoshika leseni. Kijana wa miaka 18 au 19 hutozwa bei inayoweza kukaribia thamani ya gari lenyewe akinunua gari kuukuu. Wapo wanaokubali kufungiwa kifaa ndani ya gari kinachopima mwendo, breki na saa za usiku wanazotembea, ili kampuni iwahurumie kidogo. Zamani wasichana walilipa pungufu kuliko wavulana, kwa kuwa takwimu za ajali ziliwapendelea. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua mwaka 2011 kwamba kutofautisha bei kwa jinsia si halali, na kuanzia tarehe 21 Desemba 2012 wasichana wakaanza kutozwa bila nafuu hiyo. Umri ukabaki. Kijana wa kule analipia ujana wake, apende asipende.

Sasa rudi Korogwe. Kijana wa miaka 20 mwenye leseni mpya na mzee wa miaka 60 aliyeanza kuendesha enzi za Land Rover za mashamba ya mkonge wakiingia kwa wakala mmoja, kila mmoja ana gari dogo la kutembelea, kila mmoja anataka bima ndogo, yaani ile ya mtu wa tatu, wanatoka wamelipa bei moja. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, imeweka kiwango cha chini ambacho kampuni haipaswi kushuka chini yake. Kwa gari dogo la binafsi kiwango hicho ni shilingi 100,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 unafika 118,000 kwa mwaka mzima. Fomu inauliza gari lina ukubwa gani na linafanya kazi gani. Tarehe yako ya kuzaliwa haiongezi shilingi.

Mzee mwangalifu ambaye hajagonga hata kuku kwa miaka 30 analipa sawa na wewe uliyepata leseni juzi. Kwa maneno mengine, anakubebea sehemu ya mzigo wako. Kwake yeye si haki sana, nami ningependa siku moja makampuni yamkumbuke dereva asiyedai fidia hata kwenye bima ndogo, si kwenye bima kubwa peke yake. Lakini leo tunazungumza na vijana, na vijana hawana sababu ya kulalamikia utaratibu huu.

Igawe hiyo 118,000 kwa siku za mwaka. Haifiki shilingi 330 kwa siku. Soda inaizidi. Wanaoweka akiba kwenye vikoba wanajua kwamba shilingi 10,000 kwa mwezi inatosha na chenji inabaki. Ugumu wake ni kwamba fedha hii inatakiwa yote kwa mkupuo, kwa sababu Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ilikomesha ile tabia ya kukopa bima: usipolipa ada, bima haipo. Wazee mtakumbuka enzi za Shirika la Bima la Taifa likiwa peke yake. NIC ilianzishwa 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara yote ya bima ikakabidhiwa kwake, mpaka sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni binafsi. Leo makampuni ni mengi, mawakala wamefika hadi miji midogo, na tangu 2019 hata benki zimeruhusiwa kuuza bima kwenye matawi yake. Hiyo ina maana kijana wa Handeni halazimiki tena kupanda basi mpaka Tanga kwa ajili ya karatasi.

Lakini kiwango cha chini kina maana nyingine ambayo vijana hawaioni. Ikiwa makampuni yote yamezuiwa kushuka chini ya 118,000 kwa gari dogo la binafsi, basi yule jamaa anayekuita pembeni ya stendi na kukwambia atakufanyia kwa 60,000 anakuuzia nini? Hana njia halali ya kufika kwenye bei hiyo. Ama karatasi yake ni ya kughushi, ama ameingiza gari lako kwenye mfumo kama pikipiki, ama fedha yako haitafika kwa kampuni kabisa. Katika biashara nyingi bei ya chini ni matokeo ya ushindani. Katika bima ndogo ya gari, bei iliyo chini ya kiwango ni ushahidi kwamba unaibiwa.

Na kuhakiki siku hizi si kazi. Mfumo wa TIRA uko mtandaoni, unaandika namba ya gari kwenye simu, unaona kama bima ipo, ni ya kampuni gani na inaisha lini. Askari wanao mfumo huohuo. Ule wakati wa kubandika stika ya rangi kwenye kioo na kuomba Mungu askari asiisome vizuri umeshapita. Fanya uhakiki ukiwa bado umesimama mbele ya wakala, kabla hujatoka mlangoni. Wakala mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Tuje sasa kwenye uongo nilioutaja mwanzoni, maana ndio kiini cha maneno yangu leo.

Kijana anaandikisha gari lake kwa matumizi binafsi. Analipa 118,000, anaondoka. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi yuko Chanika anaita, "Korogwe, Korogwe, mmoja anaondoka!" Gari limekuwa mchomoko. Mbele wamekaa wawili, nyuma wanne, mizigo ya gulio imejaa buti, na safari imeanza kupitia Misima, Sindeni, Kwamatuku, mpaka Korogwe. Nauli imekusanywa. Jioni anarudi na wengine. Simlaumu kwa kutafuta riziki. Barabara ile ya lami imefungua biashara kati ya miji hii miwili, mama anayewahi hospitali ya Magunga hawezi kusubiri basi lijae, na michomoko inajaza pengo ambalo mabasi hayajalijaza. Lakini kwenye karatasi za kampuni ya bima gari lile halipo kazini. Lipo nyumbani, linampeleka mwenyewe dukani na kanisani au msikitini.

Siku likipinduka, kampuni itauliza swali moja tu la mwanzo: gari lilikuwa linafanya nini? Majeruhi watasema ukweli. Kwa nini wakufichie? Kila mmoja alilipa nauli. Hapo kampuni ina haki ya kusema hatukuingia mkataba wa kubeba abiria. Na hata pale ambapo sheria itailazimisha kampuni kumlipa aliyeumizwa, inaweza kukugeukia wewe mwenye gari ikudai fedha zake. Ulikwepa ada ya bima ya abiria, ambayo kila kiti kina hesabu yake, na sasa unadaiwa fedha ambazo hata ukiuza gari na kiwanja hazitimii.

Hapo bado hatujataja leseni. Leseni ya daraja D ni ya gari dogo lisilobeba abiria wa kulipa. Anayebeba abiria kwa nauli anatakiwa kuwa na daraja C, na daraja hilo lina mafunzo yake, ndiyo maana Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kinafundisha madereva wa magari ya abiria. Kuna pia leseni ya usafirishaji ya LATRA. Vijana wengi wa michomoko wana D, na wengine wana ile ya pikipiki peke yake. Mkataba wa bima karibu wote una kifungu kinachosema dereva awe na leseni halali ya aina ya gari analoendesha. Kwa hiyo unaweza kuwa umelipa bima, bima imo kwenye mfumo, trafiki amekupigia saluti, na bado siku ya ajali huna bima.

Jambo hilihili linawahusu wa kirikuu. Ukibeba mahindi ya shamba lenu kutoka Kabuku kuyapeleka Korogwe, hiyo ni mizigo yako. Ukianza kubeba mizigo ya watu kwa malipo, matumizi yamebadilika na daraja la bima linabadilika. Mwambie wakala ukweli. Tofauti ya ada mara nyingi ni ndogo kuliko fedha ya matairi mawili.

Nataka nikae kidogo kwenye neno mtu wa tatu, kwa sababu vijana wanalisikia wakidhani ni mtu wa mbali. Januari 2025, pale Segera, wilayani kwetu Handeni, lori liliwavamia watu waliokuwa wamekusanyika kwenye ajali nyingine wakitoa msaada. Watu 11 walifariki. Hawakuwa abiria wala madereva. Walikuwa majirani waliotoka kusaidia. Na usiku wa tarehe 3 Februari 2023, Magira Gereza, Korogwe, Fuso iligongana na Coaster iliyokuwa imebeba msiba kutoka Dar es Salaam kuelekea Kilimanjaro, na watu wasiopungua 17 walipoteza maisha. Sizungumzii bima za magari yale. Nazungumzia ukubwa wa jambo linaloweza kutokea ndani ya sekunde chache kwenye barabara hii tunayoishi kando yake, kutoka Mkata hadi Mombo, ambako malori ya mizigo, mabasi ya Arusha na Moshi, bodaboda na watoto wa shule wanagawana lami moja. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, ilipomlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya watu wengine, haikumfikiria mwenye gari. Ilimfikiria mjane wa yule aliyesimama kando ya barabara.

Ndugu zangu wa bodaboda msidhani mmesahaulika. Kwenu tatizo lina sura yake. Kijana anachukua pikipiki kwa mkataba, analeta hesabu kila siku kwa tajiri, na baada ya mwaka au zaidi pikipiki inakuwa yake. Uliza nani analipa bima katika mwaka huo. Tajiri anasema ni ya dereva, dereva anasema pikipiki bado ni ya tajiri, na bima inaisha mwezi wa tatu huku hesabu ikiendelea kupelekwa. Mkataba wenu uandikeni kwa maneno mawili matatu: bima analipa nani, na ikiisha katikati ya mkataba nani anaihuisha. Na iwe bima ya biashara ya abiria. Pikipiki iliyokatiwa bima ya kutembelea haina tofauti na ile IST ya Chanika.

Kuna ugonjwa mwingine wa vijana wa kwetu: kadi ya gari. Gari umenunua kwa mjomba, mmepeana mikono, mmeandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kadi bado ina jina la mjomba kwa kuwa kubadilisha umiliki TRA kuna gharama. Bima nayo inakatwa kwa jina la mjomba. Miaka miwili inapita. Ikitokea ajali, fidia ya gari inaandikwa kwa jina la mtu ambaye hana gari, na wewe mwenye hasara huonekani popote. Na kama mjomba ameshafariki, utajikuta unafuatilia mirathi ya watu kwa ajili ya bampa. Badilisha kadi kwanza, bima ifuate jina lako.

Tugeukie bima kubwa, ile inayolipa na gari lako mwenyewe. Hapa ndipo kijana anapoogopa bei, na hofu yake si ya bure. Kiwango cha chini kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani yake. Tuseme IST yako ina thamani ya milioni 14. Asilimia 3.5 ni 490,000, weka VAT, unafika 578,200. Ukilinganisha na 118,000 ya bima ndogo, tofauti ni zaidi ya laki nne na nusu. Je, inalipa?

Jibu langu linategemea kitu kimoja: gari likiangamia leo, unaweza kununua jingine? Kama gari umelinunua kwa mkopo, au ndilo linalokulisha, au ndiyo akiba yote ya ukoo, basi laki nne na nusu ni bei ya haki. Kama gari ni kuukuu la milioni nne ambalo hata makampuni mengine hayatakubali kulikatia bima kubwa kwa umri wake, chukua bima ndogo, tofauti iweke benki, uendeshe taratibu. Katikati ya hizi mbili kuna bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, ambayo vijana wengi hawaiulizii kabisa. Haitalipa gari likigonga mti, lakini likiibwa au kuungua inalipa, na ada yake ni nafuu kuliko bima kubwa. Iulizie. Wakala ambaye hajawahi kukutajia huenda amezoea kwamba hamuulizi. Na kama fedha ya mkupuo haipo, ulizia benki, maana baadhi zinakopesha ada ya bima ukalipa kidogo kidogo.

Katika bima kubwa umri wako unaweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Ipo mikataba inayosema dereva mwenye umri chini ya miaka 25, au mwenye leseni changa, atabeba mwenyewe kiasi kikubwa zaidi cha hasara ya mwanzo kabla kampuni haijaanza kulipa. Kifungu hicho hakitangazwi kwenye bango. Kimo ndani ya mkataba, na mikataba mingi bado imeandikwa Kiingereza kigumu ambacho hata mwalimu wa Kiingereza atakisoma mara mbili. Mwombe wakala akueleze kwa Kiswahili: nikigonga, mimi nalipa kiasi gani kwanza? Jibu akuandikie.

Wengine wanaikwepa ada kwa kuandika thamani ya uongo. Gari la milioni 14 wanaliandika milioni 7 ili ada ishuke nusu. Gari likiteketea, kampuni haitalipa zaidi ya milioni 7 uliyoandika. Likiharibika sehemu, kampuni inaweza kupunguza fidia kwa uwiano huohuo, kwa hoja kwamba uliikatia bima nusu ya gari. Utatengeneza nusu nyingine kwa fedha yako.

Hebu tupite usiku mmoja kwenye barabara ya Handeni. Saa mbili usiku, unatoka Korogwe, umevuka Mto Pangani, hakuna taa za barabarani, na mbele yako anatokea ng'ombe. Mifugo ni mingi wilayani, na imeongezeka tangu familia kutoka Ngorongoro zilipoanza kuhamia Msomera mwaka 2022. Umefunga breki, umechelewa. Ng'ombe amekufa, uso wa gari umeingia ndani, rejeta inavuja. Kwa dakika chache watu wamejaa na mwenye ng'ombe amefika. Mazungumzo yanaanza: "Kijana, tuyamalize hapahapa."

Hapo ndipo bima za watu wengi zinapofia. Kijana anakubali kosa, anaandika karatasi ya kulipa, anatoa simu kama rehani, anavuta gari mpaka gereji. Wiki ya pili anamkumbuka wakala. Kampuni inamwambia ulikiri kosa na kuahidi malipo bila kutushirikisha, hukutoa taarifa kwa wakati, polisi hawajui lolote. Kama una bima ndogo na polisi wakaona wewe ndiye mwenye kosa, fidia ya ng'ombe, kwa kuwa ni mali ya mtu mwingine, inaweza kutoka kwenye bima yako hadi kiwango kilichoandikwa. Uso wa gari lako ni juu yako. Kama una bima kubwa, vyote viwili vinazungumzika. Lakini ni lazima polisi waje, wapime, wachore ramani ya ajali. Mtu akiumia apelekwe hospitali na fomu ya polisi ya PF3 ipatikane. Wakala apigiwe simu usiku uleule. Mwenye ng'ombe mpe heshima yake, mwambie: "Baba, mali yako haipotei, tusubiri polisi, bima ipo." Mzee wa Kimasai au wa Kizigua ataelewa maneno hayo kuliko kelele.

Uungwana wetu wa kuyamaliza wenyewe nauthamini, umetuepusha na kesi nyingi. Kioo cha pembeni kimevunjika, mmeelewana, mmeagana vizuri, hakuna ubaya. Palipo na damu au hasara kubwa, uungwana huo unamnyima haki yule mnyonge kati yenu, na mara nyingi ni yule aliyekuwa anatembea kwa miguu.

Na kampuni nayo ikikuzungusha? Maana yapo makampuni mepesi kupokea na mazito kulipa, tusidanganyane. Andika barua ya madai, bakiza nakala, dai jibu la maandishi. Usiporidhika, nenda TIRA, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa sheria ya 2009 kwa ajili ya watu kama wewe. Huhitaji wakili kuanza safari hiyo. Unahitaji karatasi zako: hati ya bima, risiti, leseni, kadi ya gari, taarifa ya polisi. Ndiyo maana nasisitiza karatasi ziseme ukweli tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuna ofisi itakayokutetea kwa karatasi yenye uongo wako mwenyewe.

Kwa wale wa mpakani, neno moja tu. Ukivuka Horohoro kwenda Mombasa, bima yako ya Tanzania haikufuati. Chukua Kadi ya Njano ya COMESA kabla ya safari, kutoka kwa kampuni yako hiyohiyo.

Wazazi mnaonisikiliza, mnawanunulia vijana magari na pikipiki, mnachinja na mbuzi. Nawaomba bima ya mwaka wa kwanza muilipe ninyi, ya daraja sahihi la kazi ambayo mnajua kabisa kijana ataifanya. Na mawakala wa Handeni na Korogwe, mkiona kijana ana IST na nyote mnajua kesho atakuwa stendi anaita abiria, msimwandikie matumizi binafsi huku mnatazama pembeni. Mnapata kamisheni leo, na mnamtengenezea mtu wa kijijini kwenu siku ambayo hatakuwa na wa kumlipa.

Wewe kijana, usiku huu kabla hujalala toa hati ya bima, isome mistari mitatu: jina la mwenye gari, matumizi ya gari, na tarehe ya mwisho. Kama palipoandikwa matumizi pana neno binafsi na kesho alfajiri una abiria wa Korogwe, mpigie wakala wako abadilishe kwanza ndipo uwashe injini.